Kitabu cha Mwalimu na Miwani ya Mke Wangu

Mke wangu ni mfamasia, na pale kwenye dirisha la dawa hospitalini wagonjwa wamembandika jina: Ngoja Kwanza. Mpe cheti cha daktari, hata cha dawa aliyoitoa mara elfu, atasema, "Ngoja kwanza," kisha afungue mwongozo wa dawa. Nyumbani ndiyo balaa. Shemeji akija na habari za simuni kwamba mizizi fulani inaponya presha, anaulizwa maswali matatu: "Nani kasema? Lini? Na yeye anauza nini?" Shemeji huishia kuomba chai nyingine. Mimi fundi viatu nimeoa mwanamke ambaye hata chumvi angeitafutia ushahidi.

Maswali hayo si yake. Alifundishwa na Mwalimu, mfamasia mkuu wa zamani, aliyempokea siku yake ya kwanza kazini. Mwalimu na mkewe hawakujaliwa mtoto. Alipostaafu alimwachia mke wangu kitabu chake cha dawa, kila ukurasa umejaa pembeni mwandiko wake mdogo wa wino wa bluu. Hukibeba kazini na kurudi nacho; nikikigusa kwa mikono yangu yenye gundi, nasemwa hadi usiku.

Jumatatu moja mke wangu alisahau miwani mezani. Nikafunga kibanda, nikampelekea. Nikamkuta Mwalimu mwenyewe dirishani, amekonda, fimbo mkononi, anakohoa. Alikuwa ameandikiwa dawa ya kifua, na ya moyo alikuwa akiimeza miaka mingi.

"Ngoja kwanza, Mwalimu," mke wangu akasema, akivaa miwani.

"Ningoje nini, mwanangu? Hiyo na ya moyo hazigombani. Nimeandika mwenyewe, ukurasa wa mia mbili na kumi."

"Najua, Mwalimu. Naangalia tu."

Foleni ikacheka. "Leo hata mwalimu wake anangojeshwa!" akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

Mzee akaona haya. Akanyakua cheti chake. "Basi nitanunua duka la nje. Huko hawanidharau."

Nilimkasirikia mke wangu, sifichi. Mtu kakulea, unamvunjia heshima mbele za watu kwa sababu ya kikohozi? Yeye wala hakuinua kichwa. Kidole chake kilikuwa kinatembea kwenye mwongozo mpya, uliotoka mwaka huohuo. Kikasimama. Nimeishi naye miaka ishirini na miwili, uso ule naujua. Dawa zile zilikuwa zinagombana vibaya: ya kifua ingefanya ya moyo ijilimbikize mwilini mpaka iwe sumu, na moyo wa mzee ungeweza kusimama.

Alitoka mbio, akamdaka mlangoni. Hakumwambia amekosea. Alimshika mkono akamwingiza chumba cha dawa, nami nikafuata. Akamkalisha kwenye stuli yake, akavua miwani yake akamvisha, akamwekea mapajani kile kitabu cha zamani, kikiwa wazi kwenye ukurasa wa kwanza kabisa.

"Mwalimu," akasema. "Lini?"

Mzee akausoma mwaka wa kuchapishwa. Akausoma tena. Mke wangu akamwekea mwongozo mpya juu yake, akamwonyesha mstari. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwepo.

"Mchimba kisima huingia mwenyewe," akasema. "Sasa kama ningekuwa nimeshaondoka?"

"Ningekufuata mpaka kwako."

"Na foleni?"

"Wangengoja."

Daktari akapigiwa simu, dawa ikabadilishwa. Mzee hakuinuka. Aliomba kalamu, akafungua ukurasa wa mia mbili na kumi, akayakata maneno yake kwa mstari mmoja. Aliandika taratibu, na mimi nikasoma begani kwake bila kuona aibu.

"Si kweli tena. Nani kasema: mwongozo mpya, nimesomewa na binti yangu. Lini: leo." Akaweka tarehe. Akafikiri kidogo, akamtazama mke wangu juu ya ile miwani, kisha akamalizia: "Anauza nini: hauzi kitu."

Mke wangu alirudi dirishani bila miwani, akawaambia watu wangoje kwanza. Safari hii hakuna aliyecheka.