Beatha Fundi na Lango la Maji

Beatha, fundi cherehani wa Mgwashi, alikuwa ameshaua watu wengi kabla ya Jumatatu ile, na wote aliwaua kwa mdomo. Aliwachoma moto, akawatosa, akawasukuma majabalini, kisha akainuka kuchemsha chai. Hakuna aliyewalilia sana, kwa sababu hawakuwahi kuwa na miili. Walikuwa watu wa mchezo.

Mchezo wenyewe aliupata Lushoto mjini, alikopika na kufua miaka sita kwa familia ya wageni. Msimu wa mvua watoto wa nyumba ile walikaa mezani na dadu ya mfupa yenye nyuso ishirini. Mmoja anasimulia hatari, wengine wanasema watafanya nini, dadu inaamua nani kapona. Siku moja walipungukiwa mtu, wakamwita dada wa jikoni. Haukupita mwezi, dada wa jikoni ndiye aliyekuwa akisimulia na wenye nyumba wakitetemeka. Familia ilipohama wakamwachia ile dadu, naye akarudi kwao na cherehani kichwani na dadu kwenye sidiria.

Katika mchezo ule ulimwengu si mmoja. Ni malimwengu mengi, yamepandana, na Beatha aliyapanga kama matuta ya shamba la mlimani: juu kabisa Ulimwengu wa Nuru, chini yake Upepo, halafu Moto, halafu huu wetu wa viazi na kabichi, halafu Maji, na bondeni kabisa Ulimwengu wa Wafu, ambako hakuna anayelima. Aliyashona yote kwenye kitambaa kimoja, kwa vipande vilivyobaki kazini. Satini ya buluu ya gauni la harusi ikawa Maji, khanga nyekundu ikawa Moto, bitana nyeusi ya koti ikawa Wafu. Kati ya ulimwengu na ulimwengu akaweka kifungo na tundu lake, na hayo ndiyo malango. Fundi ni fundi tu, hata akipewa mbingu azipange.

Wachezaji wake walikuwa wawili, kila Jumapili baada ya ibada. Hidaya, muuza karoti, mwanamke mpole ambaye hata kuku hachinji, lakini kwenye mchezo alikata shingo za watu mpaka Beatha akamwomba apunguze. Na Zabron, mpasua mbao, pande la mtu lenye machozi ya karibu. Mtu wa Zabron mchezoni aliitwa Mghosi Chuma, na alikuwa ameishi miaka mitatu bila kufa.

Alikufa Jumapili ya mwisho ya Novemba. Ulimwengu wa Maji ulikuwa umepasuka na unaizamisha nchi. Viumbe wenye meno mikononi walimiminika langoni, wakamng'oa Mghosi Chuma jicho, wakamla mkono hadi kiwikoni, naye bado kaegemeza mgongo kwenye mlango. Beatha akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Lango litafungwa kwa roho, na likifungwa kwa roho hufunguliwa kwa roho tu." Zabron akasema, "Yangu." Akatupa dadu, akafa. Beatha akakifunga kifungo cha Maji, akakishona juu kwa uzi mwekundu, mishono kumi, mishono ishirini, mpaka tundu likapotea. Zabron alilia kama mfiwa. Ilikuwa Jumapili nzuri kuliko zote.

Kasoro ni moja, na Beatha hakuifikiria: vuli ilikuwa haijanyesha. Kabichi zilikuwa zimesinyaa kwenye matuta, chemchemi ya chini inatoa tope. Wazee wa huko wana neno lao, kubana shi, kuiharibu nchi, na anayeifungia nchi mvua huwa hatazamwi usoni, hutafutwa alichofungia. Kinaweza kuwa chungu, kinaweza kuwa fundo. Na Zabron, huyo mpasua mbao na moyo wake wa mkate, alikwenda kilabuni kumlilia Mghosi Chuma. Alipofika bakuli la tatu la boha, pombe ya miwa, alikuwa ameshasimulia habari yote, lango, roho na uzi mwekundu.

Jumatatu saa tisa alasiri Beatha alikuwa akipiga pasi sare za shule. Mlango ulipigwa teke. Aliingia Fanueli, mdogo wa marehemu mumewe, na nyuma yake wanaume kama ishirini wenye mapanga na mipini ya majembe. Walikuwa wakimburuta Zabron. Mdomo wake ulikuwa umepasuka na jicho moja limefumba.

"Shemeji, kiko wapi?" Fanueli aliuliza.

"Kwanza mwacheni huyo. Halafu unasema shikamoo, mimi ni mke wa kaka yako."

Fanueli akamzaba kofi. Mtu mmoja akafungua kabati, akatoa kitambaa, akakikunjua, na wenzake wakarudi nyuma hatua moja. Satini ya buluu, bitana nyeusi, uzi mwekundu umeshonwa na kushonwa, na dadu ya mfupa ikaanguka katikati yake kama kifaa cha mpiga ramli. Hata Beatha mwenyewe, akikitazama kwa macho yao, aliogopa.

"Ni mchezo," alisema. "Ni mchezo wa watoto, Fanueli."

"Wewe ni mtoto?" Fanueli akamgeukia Zabron, akamwekea panga shingoni. "Sema. Hapa paliposhonwa, panafunguliwaje?"

Zabron alicheza miaka mitatu bila kudanganya dadu hata mara moja. Hata sasa, damu ikimchuruzika kidevuni, hakujua kudanganya. "Kwa roho ya mtu," alisema.

Hapo ndipo walipomrukia mwenye kitambaa. Beatha aliinyakua pasi ya mkaa, akaizungusha, kifuniko kikafyatuka na makaa yakawamwagikia wawili usoni. Walipiga kelele za ajabu. Mwingine akampata kwa mpini wa jembe, mkono wa kulia, juu ya chuma cha cherehani, na Beatha akasikia vidole vyake vikivunjika kimoja kimoja. Alipigwa tena mbavuni, tena mgongoni, akaanguka juu ya kitambaa chake. Mtu alimshika nywele akaivuta shingo nyuma. Alihisi ubaridi wa panga. Alitaka sana kuishi. Hakuwa na kingine cha kushika ila kile anachokijua, basi akashusha sauti.

"Sawa," alisema. "Ni roho. Lakini roho haichukuliwi kwa panga. Ukiniua kwa panga lango linakufa nami, na mvua hamtaiona mpaka wajukuu wenu wazeeke."

Panga lilisimama.

"Inaombwa kwa dadu. Anayetaka yangu anaweka yake. Ikitoka kumi na moja kwenda juu, mimi ni wenu. Ikitoka chini ya hapo, lango linamtaka aliyetupa. Nani anatupa?"

Walitazamana. Mwenye panga akalegeza mkono. Kisha mzee mmoja nyuma akasema, "Fanueli. Si ndiye aliyetuleta?" Wengine wakadaka, "Atupe Fanueli!" na walewale waliokuwa nyuma yake sasa walikuwa wamemzunguka. Wakamsukuma mpaka akapiga magoti. Aliiokota dadu kana kwamba ni kaa la moto, akaitupa.

Iliviringika juu ya khanga nyekundu, ikavuka buluu, ikatulia juu ya bitana nyeusi. Waliokuwa wameinama karibu ni wawili tu, Beatha na Fanueli. Wote wawili waliona. Ilikuwa moja.

"Ngapi?" watu wakauliza. "Imetoka ngapi?"

Fanueli alizidi kuinama juu ya dadu. Nyuma yake mwenye panga alikuwa ameshaligeuza. Beatha alimchukia shemeji yake kwa moyo wote saa ile, hilo halifichwi. Neno moja tu, tena la kweli, lingetosha kumuua. Lakini sare zilizotapakaa sakafuni zenye alama za viatu, tatu kati yake zilikuwa za watoto wa Fanueli. Alilaza mkono wake uliovunjika juu ya dadu, akaisogeza hadi nje ya kitambaa, maumivu yakamtoa machozi.

"Imetoka nje ya kitambaa," alisema. "Dadu ya nje haihesabiki, wala hairudiwi. Ila roho mbili zimewekwa mezani na lango limeziona. Limetosheka."

Akauinamia uzi mwekundu akaukata kwa meno, mshono baada ya mshono, na wanaume ishirini wamesimama kama kanisani. Kifungo kikatoka. Wakaondoka bila kuaga.

Mvua ilinyesha siku ya tisa. Tangu hapo watu wa Mgwashi wanamwamkia Beatha kwa mbali, wanamwachia jogoo mlangoni, na nguo za kushona wanapeleka kwa fundi mwingine. Hidaya alikatazwa na mumewe kuja. Zabron anakuja, anakaa, analia. Vidole viliunga vibaya; havishiki sindano.

Fanueli alikuja baada ya wiki tano, na suruali ya kanisani iliyochanika. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Ile dadu. Mimi niliiona."

"Ilikuwa nje ya kitambaa."

"Ilikuwa moja. Ungesema, wangenikata."

Beatha akampa sindano na uzi. "Ulitupa, ikatoka moja. Lango lilikudai, mimi nikakuficha. Basi roho yako ilibaki mezani kwangu, na mimi sina mkono. Tunga."

Fanueli aliulamba uzi, akajaribu mara nne, ukapita mara ya tano. Suruali yake ilishonwa siku hiyo, kwa mkono wa kushoto wa Beatha, mishono imekwenda upande. Na kesho yake asubuhi, kabla hajakwenda shamba, alikuwa pale mlangoni akingoja kutunga uzi, na mpaka leo anakuja.