Chakula cha Baba Hakifunuliwi

Kunegunda alizaliwa Lusewa, akaolewa Matogoro, na kama mngetuuliza majirani sifa yake moja tu, tungejibu bila kushauriana: usafi. Sufuria zake alizisugua kwa mchanga na majivu mpaka zikawa nyembamba. Maji ya kunywa aliyachemsha hata wakati ambapo kuni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Mimi nilikuwa jirani yake, mwalimu niliyehamishiwa Songea kutoka Singida, na nakiri kwamba nikimwona anakuja kuazima chujio nilikuwa naliosha upya. Ndiyo maana ilipovuma kwamba anamwekea mumewe sumu, nilicheka. Nilikosea kucheka, maana waliosema hawakuwa wakitania.

Mumewe, Bartholomeo, alikuwa mnunuzi wa mahindi. Ilikuwa ile miaka ya tisini mwanzoni, biashara ya nafaka ilipoachiwa watu binafsi, na kila aliyekuwa na jamaa mwenye lori akajiita mfanyabiashara. Bartholomeo alizunguka vijijini tangu Jumatatu, akarudi Jumamosi jioni, vumbi mpaka kwenye kope. Siku moja alipitia mjini akanunua hotipoti nyekundu yenye maua ubavuni. Wakati huo maduka yalikuwa yameanza kujaa vitu tulivyokuwa tukivisikia tu, na hotipoti ilikuwa kitu cha kuwekwa sebuleni ili mgeni akione. Ya Kunegunda ilikaa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma, ikishushwa Jumamosi tu kwa chakula cha mumewe.

Katika nyumba ile, kama katika nyingi za pale, chakula cha baba kilichotwa kwanza. Kumchotea mwenye nyumba baada ya watoto ni kumpa makombo. Kikishachotwa kinafunikwa, na kikishafunikwa hakifunuliwi mpaka mwenyewe anawe. Mtoto akichungulia anachapwa. Kukirudisha jikoni kukipasha ndiyo aibu kubwa zaidi, kwa sababu kinachopashwa ni kiporo, na mwanamume aliyetoka safari hapewi kiporo na mke anayempenda. Zamani sahani iliyofunikwa kwa sahani ilipoa, na mtu akajua imepoa. Hotipoti ilishika uvuguvugu mpaka jua linazama, na aliyeifunua alipigwa na mvuke kidogo usoni akaamini chakula kimetoka motoni sasa hivi.

Jumamosi moja ya mwezi wa pili Kunegunda alipika wali na kuku. Saa tano alijaza hotipoti, na saa sita yeye na watoto wake watatu wakala. Bartholomeo alikula saa kumi na moja jioni. Usiku tumbo lilimkata, akatapika, akaharisha mpaka miguu ikalegea. Kesho yake akapata nafuu, watu wakasema ni uchovu wa safari. Baada ya Pasaka ikatokea tena, kwa wali na maharage, na safari hii macho yaliingia ndani na mkojo ukakauka. Kunegunda akampakia kwenye baiskeli, akaisukuma mpaka zahanati.

Muuguzi wa zamu, Devota, alimtundikia mgonjwa dripu, kisha akamgeukia mke.

"Nyumbani kuna mwingine anayeumwa?"

"Hakuna, sista."

"Mlipika sufuria moja?"

"Moja."

"Ninyi mlikula saa ngapi?"

"Saa sita mchana. Baba watoto amekula jioni aliporudi. Lakini chake nilikichota mwanzo kabisa, sista, nikakiweka kwenye hotipoti."

Devota akacheka, si kwa dharau. "Basi mumeo anaumwa heshima, mama."

Akamweleza kwamba vijidudu vya tumbo haviji na uchafu unaoonekana tu. Vipo kwenye mikono isiyopata sabuni, kwenye nyama mbichi na kisu kilichoikata, kwenye nzi, kwenye maji. Vingine vimo ndani ya mchele wenyewe na huvumilia hata kuchemka. Kwenye chakula cha moto mkali haviwezi kuzaana. Cha vuguvugu ndicho shamba lao, na mchana mzima ndani ya hotipoti ni msimu mzima wa kilimo. Vingine huacha sumu ambayo hata ukipasha haitoki.

"Chakula kikishaiva kisikae zaidi ya saa mbili," alisema. "Baba akichelewa, mpikie akifika. Na ukiona damu kwenye choo, au homa kali, au mtu hashiki hata maji tumboni, usingoje kuche."

Akamfundisha pia maji ya kumrudishia mgonjwa nguvu: lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi.

Kunegunda aliudhika. Mwanamke aliyechemsha maji maisha yake yote anasomeshwa habari za vijidudu! Lakini alikuwa na akili kuliko hasira, sifa ambayo mimi siwezi kujivunia. Jumamosi iliyofuata alingoja. Bartholomeo alipoingia, mchele ulikuwa bado kwenye ungo.

"Kwa hiyo nyumba hii haikujua kwamba narudi?"

"Ilijua. Sista amesema..."

"Huyo sista ana mume?"

Akatoka, akaenda kula kwa mama yake, nyumba ya pili.

Mama huyo, Lukresia, alikuwa mjane wa sauti ndogo na neno zito. Alipiga hesabu yake mwenyewe. Watoto hawaugui, mke haugui, anayeugua ni mmoja, na mkono unaochota ni mmoja. Sasa mke huyo huyo amefika mahali pa kumnyima mume chakula kabisa. Haikuwa hesabu ya kijinga. Ilikosa saa tu.

Egidi, kaka mkubwa wa Bartholomeo, akaitisha kikao cha ukoo. Walikubaliana kwamba Kunegunda aache kumpikia mumewe, mama ndiye ampikie mwanawe, na mavuno yakiisha mke arudishwe Lusewa "akatulie". Watoto wangebaki, kwa kuwa mahari ilishalipwa. Bartholomeo alitazama chini muda wote. Kunegunda alikuja kwangu akakaa jikoni akisugua sufuria zangu. Mtoto wake mdogo alikuwa na miaka mitatu. Hilo ndilo lililomchoma, si neno sumu.

Jumamosi ya kwanza ya zamu yake, Lukresia alikuwa na sala ya jumuiya mchana, kwa hiyo alipika saa nne asubuhi, jikoni kwa Kunegunda: wali, nyama ya nguruwe, na likolo la majani ya maboga lililoungwa karanga. Alitaka mkwewe aone mwanamume anavyopikiwa. Akachota, akajaza hotipoti nyekundu, akaifunga kwa khanga mafundo mawili.

"Mama," Kunegunda akasema, "hicho kitakaa mpaka jioni. Naomba akifika apikiwe kingine, hata ukipika wewe mwenyewe."

"Mkamwana, mkono wako usifike hapa."

Jioni Bartholomeo alikuja pamoja na Egidi. Kunegunda akasimama mlangoni.

"Shemeji, chakula hicho kimetoka jikoni saa nne asubuhi. Msikile."

Egidi alimtazama, kisha akamgeukia ndugu yake. "Unasikia? Chake tule, cha mama tusile."

Wakanawa, wakafungua mafundo, mvuke ukawapiga usoni, wakala wakamaliza.

Haikufika saa tatu usiku, matumbo yakawakata. Choo kilikuwa kimoja na wagonjwa wawili, na sitaeleza zaidi. Kunegunda aliniambia baadaye, bila kujitetea, kwamba aliposikia shemeji yake akitapika alifurahi. Alifurahi kabisa, kutoka moyoni, kwa muda wa kupepeta ungo mmoja. Kisha akaona haya, akabandika maji, akatafuta sukari na chumvi. Mkono uliokatazwa kufika ndio uliowanywesha, kikombe baada ya kikombe, na Lukresia alishika taa.

Asubuhi walipelekwa zahanati. Devota aliuliza maswali yale yale, na safari hii aliyejibu ni Lukresia. Alijibu vizuri mpaka alipoulizwa chakula kilipikwa saa ngapi na kikaliwa saa ngapi. Hapo alihesabu kwa vidole, akaomba aelezwe tena habari ya vijidudu, polepole.

Egidi alipopona alisema mambo yameisha. Bartholomeo alinunua kitenge, akamletea mkewe. Kunegunda hakukipokea.

"Mlinihukumu mbele ya watu," alisema. "Kaeni tena, watu wale wale."

Walikaa Jumapili baada ya misa, nyumbani kwa Lukresia. Mimi alinialika kama shahidi asiye wa ukoo, na nilikwenda nikiwa na hasira zangu tayari. Egidi alianza kwa kuzunguka mbuyu. Mara mapenzi ya Mungu, mara nyama ya siku hizi, mara hali ya hewa. Lukresia akamkatiza.

"Egidi mwanangu, acha. Mkamwana tulisema arudi kwao kwa sababu chakula cha mkono wake kilimdhuru mtu mmoja. Changu kimedhuru wawili. Hukumu ni ile ile. Nirudisheni kwetu Namasakata."

Hakuna aliyecheka. Lukresia alitolewa Namasakata kuja kuolewa akiwa msichana mdogo. Wazazi wake walikwisha kufa, nyumba yao ilikwisha kuanguka, na kila mtu pale alilijua hilo. Miguuni pake kulikuwa na kifurushi cha nguo. Alikuwa amekifunga kabla ya kwenda misa.

Bartholomeo alimtazama mama yake, kisha mkewe, na nilipomwona nilijua kwamba kwa mara ya kwanza alikuwa ameelewa walichotaka kumfanyia mkewe. Alisema, "Nisamehe," na sijui alikuwa akimwambia nani kati ya wale wawili.

Watu wote wakamgeukia Kunegunda. Ningekuwa mimi, ningelipiza hapo hapo. Yeye akainama, akakiokota kifurushi, akakirudisha chumbani kwa mkwewe. Alipotoka alisema wali umeiva, sabuni iko kwenye beseni, kila mtu anawe na tule sasa hivi.

Tulikula wote pamoja, chakula kingali kinafuka moshi. Lukresia alikula akilia, na hakuna aliyemnyamazisha.