Posho Tulienda Kumulimia Mwalimu

Zamani, ku Kyavinyonge, kando ya ziwa, mama yangu alikuwa anauzisha samaki. Kulikuwa marabu moja, ule ndege mukubwa wa kichwa upara, mwizi kabisa. Bamama hawakumupiga, juu ukipiga mwizi wa namna ile anarudi. Balimuzunguka tu, kila mutu na fimbo yake, banamuangalia. Akatembea kidogo kama mukubwa wa bureau, kisha akaenda. Samaki ya wakati ule ilikuwa na mafuta, lakini tuache samaki.

Ule ndege alinirudilia mu kichwa hapa mutaa yetu ya Kimemi, siku mujukuu wangu alikatala shule. Iko na akili, huyu binti. Mimi niliachia ku darasa ya pili. Alilia, kisha akaniambia: mwalimu wake alisema points zake za shule zitapanda kama siku ya posho, Jumamosi, anakuja kumufulia nguo, peke yake, na asiambie mutu.

Kwetu batoto banamuchotea mwalimu maji, banamulimia shamba. Mutoto akiitwa, muzazi anafurahi. Mwalimu huyu alijificha ndani ya heshima yetu.

Nilinoa panga. Sifichi, nililinoa vizuri. Bibi yangu, muke wangu wa miaka mingi, alininyanganya.

"Weye muzee, ukimukata, tutalia juu yako. Kamata jembe."

Posho asubuhi tulimufikia kwake, sisi wazee wote wa avenue yetu, Bakatoliki na Baprotestanti. Alifungua mulango na shati mupya, amejipaka mafuta. Bibi yangu alimusalimia vizuri sana.

"Mwalimu, uliita mutoto. Batoto banachoka mbio. Tumekuja sisi."

Tulifua mpaka mashuka yake, tukaanika mbele ya majirani. Mama mumoja muzee alimushika mukono ya shati.

"Na hii tufue? Inanukia kungojea mutu."

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Mihogo yake yenye haijakomaa, tuliing'oa yote, eti tunapalilia. Posho yenye ilifuata tulirudi. Directeur wa shule akasikia, akakata shauri: hakuna mutoto tena kwenda kwa mwalimu, kazi yote inatolewa mu kalasi, na points zitaangaliwa na mwalimu mwingine. Mujukuu wangu akarudi shule, akakaa banc ya mbele.

Posho ingine tulimukuta anatoka na valizi ya nguo. Nilisimama mu njia, nilitaka aniangalie macho.

"Mwalimu, leo tulime upande gani?"

Alinipita na mabega yameanguka, akashika barabara ya Beni kwa miguu. Kule tuko na bandugu wengi, na simu zetu zilishamutangulia. Alienda hivyo, na hakurudi.