Jumamosi Tuliyopishana na Susu

Binti yangu alipofika gredi ya nne alikuwa akisoma kwa kasi ya ajabu. Ukimpa ukurasa, anaumaliza kabla hujakaa vizuri. Kwa hivyo mwalimu wake aliponiita shuleni, nilidhani ni mambo ya utundu. Mwalimu akampa kisa kifupi cha mzee aliyepotelewa na ng'ombe sokoni. Akakisoma chote bila kosa hata moja.

"Sasa niambie, ni nani aliyepotea?"

Binti yangu akaangalia viatu vyake. "Mwalimu," akasema kwa sauti ndogo, "ni sokoni."

Mwalimu hakucheka. Alinionyesha insha yake, mistari mitatu tu, maneno yamerukwarukwa. "Huyu si mjinga," akaniambia. "Anatamka maneno, lakini maana haimfikii. Na akiandika, nusu ya anachotaka kusema inabaki kichwani. Mtafutie kitu cha kuandika ambacho kuna mtu anakingoja."

Mimi nauza viatu vya mtumba soko la Machakos, na jioni hufika nyumbani miguu inauma. Lakini maneno yale nilitembea nayo. Mama yangu, ambaye binti yangu humwita susu, neno la Kikamba la nyanya, anaishi kijijini Kalama na masikio yake yamepungua nguvu. Ukimpigia simu anasikia kelele tu. Ujumbe mfupi ndio anaweza, anausoma taratibu miwani ikiwa puani. Nikamwambia binti yangu kuanzia leo yeye ndiye atakayemwandikia susu.

Alianza na neno moja: "Mvua."

Susu akajibu: "Mvua imefanya nini? Imenyesha ama imekataa?"

Binti yangu alikaa na simu mpaka ugali ukaiva, ndipo akaandika: "Imekataa."

Wiki chache baadaye tukapanga kwenda Kalama Jumamosi, tumsaidie susu kuvuna mbaazi. Nikamwambia binti yangu amjulishe. Akaandika, akatuma, akakimbia kucheza.

Tulipofika tulikuta mlango una kufuli. Jirani akainuka shambani kwake akitushangaa. "Kwani hamjaonana? Ametoka asubuhi na bodaboda. Alisema mmemwita kwenu."

Nikafungua simu. Ujumbe ulikuwa hivi: "Susu kuja Jumamosi."

Nikampa binti yangu. Safari hii alisoma polepole, kidole chake kikifuata neno kwa neno.

"Mama, nilitaka kusema sisi."

"Sisi tunafanya nini?"

"Tunakuja." Akarudia kuusoma. "Lakini hapa nimesema yeye ndiye akuje." Machozi yakaanza kumtoka. "Na vile magoti yanamuuma!"

Tukarudi mjini. Susu alikuwa ameketi mlangoni petu na kikombe cha chai alichopewa na majirani, na kuku aliyefungwa miguu kando yake. Binti yangu akajificha nyuma yangu. Susu akamvuta kwa mkono.

"Unalia nini? Umeniita, nimekuja. Ningekataa aje na ni wewe umeniita?"

Kuku yule tulimla siku hiyohiyo. Mbaazi zikangoja.

Baada ya hapo, kila alipoandika ujumbe, binti yangu aliusoma kwanza na kujiuliza kwa sauti: nani? Anafanya nini? Kisha nikaanza kumsikia akiuliza hivyo hata na vitabu vya shule. Akimaliza sentensi anasimama, ananieleza kwa Kikamba, ndipo anaendelea. Kusoma kwake kukawa kwa mwendo wa konokono. Jirani mmoja aliyemsikia akaniuliza kama mtoto ameanza kurudi nyuma. Nikamwambia hapana, sasa ndipo anasoma.

Haikuwa mteremko. Kuna jioni alizotupa penseli na kuingia chini ya blanketi na sare ya shule, nami nikamwacha hadi hasira imwishe. Mtihani uliofuata alipanda kidogo tu, uliofuata huo akashuka tena. Mwalimu alimvumilia, akawa anamwongezea muda bila kumwaibisha mbele ya wenzake.

Sasa yuko gredi ya sita. Bado humaliza wa mwisho. Lakini juzi nilikuwa nakaanga sukuma wiki, yeye ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa na kitabu alichoazima shuleni, mara akaangua kicheko peke yake. Sikumuuliza anachekea nini. Nilipunguza moto, nikamwacha asome.