Mbinya Alima Matuta Kilungu Ili Kisima Chake cha Bondeni Kisikauke

Saa moja asubuhi, ukungu bado umeikalia milima ya Kilungu. Mbinya Nzuki anachimba mtaro kwenye shamba lisilo lake, na udongo wote anautupa upande wa juu, uwe tuta la kuzuia maji. Wenyeji huita mtindo huu fanya juu, na ni kazi ya kuvunja mgongo.

"Huu udongo ulizoea kunifuata mpaka kwangu," anasema akicheka. "Sasa nawarudishia wenyewe."

Kwake ni bondeni, mwendo wa nusu siku kwa miguu, upande wa Sultan Hamud. Yeye na mumewe walishuka huko mwaka 1964, mashamba ya mlimani yalipogawanywa mpaka yakabaki vipande vya kugombaniwa. Chini mvua ni haba, lakini ile ya Kilungu huteremka na mto na kujificha mchangani. Mbinya huchimba kisima kwenye mchanga huo na kumwagilia nyanya anazouza kando ya barabara ya Mombasa. Nyanya hizo zimesomesha watoto watano.

Kisha miti ya juu ikakatwa. Maji yakawa yanashuka kwa fujo siku moja na kupita zake. Katika ukame wa 1984 kisima kilikauka Julai, na mumewe akataka wahamie Kibwezi kama majirani wengi. Mbinya hakuwa na moyo wa kuanza upya tena. Alibeba jembe akapanda kwa shemeji yake, Muli.

Muli alipoliona lile jembe, alidhani amerudi kudai fungu la urithi. Siku hiyo hiyo akaita wazee wa ukoo.

"Sikuja kutafuta shamba," Mbinya aliwaambia. "Nataka tu maji yenu yashuke polepole, yanifikie."

Wazee walicheka, na Muli akacheka kuliko wote, kwa aibu. Kesho yake Mbinya aliingizwa kwenye mwethya, kundi la kina mama wanaolimiana kwa zamu. Tangu hapo hupanda mlimani kila Agosti.

Mwaka jana, 1988, kisima kilimfikisha hadi mvua za Oktoba.

"Namshukuru Mungu, na hawa watu pia. Wangeweza kunifukuza."

Muli naye anavuna mahindi mengi kuliko zamani. Juzi alimkatia Mbinya kipande cha mteremko, kiwe chake na wanawe. Mbinya alilia kwa furaha, kisha akaomba kisilimwe kamwe.

"Nitapanda miti hapo," anasema. "Mavuno yangu yatakuja kule chini."