Mukombero Uliooshwa

Mama aliuosha. Nilikuwa nimemwambia kwenye simu, tena kwa kurudia, anitumie mzizi wa mukombero pamoja na udongo wake. Akachimba mzizi mmoja wa shina lililo nyuma ya jiko lake kule Iguhu, akausugua kwa gunzi la mahindi hadi ukawa mweupe, akaufunga kwa gazeti na kumpa mtu wa boda aniletee maabara. Mzizi wenyewe sikuwa na haja nao. Watu wa Kakamega wautafune wapendavyo. Mimi nilitaka bakteria wanaoishi kwenye udongo unaoshikana na mizizi. Mmoja wao, kutoka shina hilo hilo la mama, alikuwa ametoa kitu kilichoua vijidudu vya vidonda ambavyo dawa za hospitali zimeshindwa navyo. Halafu stima ikapotea wikendi nzima, naye akafa kwenye friji ya maabara. Mashina ya majirani tulijaribu, hatukumpata.

Nikampigia mama nikiwa na hasira. Akacheka. Alisema hawezi kutuma matope kwa watu waliosoma, watauliza huyu alilelewa na nani. Basi nije mwenyewe Jumamosi nichimbe.

Ijumaa presha ikamchukua.

Sikulia. Nilichagua sanduku, nikapokea simu, nikala nilichopewa. Nilikuwa nimekufa ganzi, hata pole za watu zilinipita tu. Wazee walipima kaburi upande wa jiko, vijana wakachimba. Siku ya mazishi nikaukuta mukombero umeng'olewa, mizizi imekatikakatika kwenye rundo la udongo mwekundu. Nikawaza tu kwamba bado ni mbichi. Kwenye koti nilikuwa na mfuko safi wa maabara.

Zamu yangu ya kutupa udongo kaburini ilipofika, niliokota kipande cha mzizi na udongo wake, nikakitia kwenye ule mfuko. Shangazi, dadake baba, akanishika mkono. Kwetu anayeondoka na udongo wa kaburi huitwa mchawi, na watu walikuwa wanatazama.

"Huo ni wa mamako," akasema polepole.

Nikamnong'oneza kwamba ni wa dawa, ni wa kutibu watu.

"Na yeye ulimtibu?"

Nikaufungua mfuko, nikamwaga wote. Uliangukia sanduku. Mtu nyuma yangu akasema inatosha, nisogee wengine nao wapite.