Magari Yaliyoota Pembe

Vumbi likiungua ndani ya kompyuta hutoa harufu yake, kavu, kali kidogo puani, kama ya pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Siku hizi natengeneza mashine za watu hapa Kisangani, na kila ninapoinusa harufu ile narudi sebuleni kwetu Kabondo, nikiwa na miaka kumi na mmoja, mbishi kuliko mbuzi.

Papa alikuwa akifundisha huku akimalizia masomo yake ya chuo kikuu, na kompyuta ilikuwa yake, ya kuandikia tasnifu. Alasiri, mimi na yaya Ramazani, kaka yangu mkubwa, tuliruhusiwa kuchezea humo mchezo wa mbio za magari. Nilikuwa namshinda. Nalisema bila haya, maana yeye hajawahi kulisema.

Kisha magari yakaanza kuugua. Unakata kona, ghafla gari la mbele linaota pembe ndefu mpaka mawinguni, barabara inageuka zambarau, dereva hana kichwa. Mimi nilicheka. Yaya alikwenda moja kwa moja kwa Papa.

"Papa, hii jeu ya Aziza njo iko inaharibu mashini," alisema. Aziza ni mimi, na alisahau kwamba jana yake mchezo ulikuwa wetu sote.

Papa akatoa hukumu: Jumapili fundi atavuka mto kutoka Lubunga, aje aufute mchezo. Niliumia. Mchezo wangu umehukumiwa na hakuna shahidi aliyeulizwa! Nikamwomba siku zilizobaki niutafute ugonjwa mwenyewe. Mama alicheka. Papa akasema, "Bon. Tafuta. Lakini haraka haraka haina baraka."

Nikaanza. Niliutoa mchezo, nikauweka upya kutoka kwenye diski yake, pembe zikarudi. Nikaazima skrini kwa jirani, nikaibeba kifuani kama mtoto mchanga, na pembe zikawa zilezile. Basi skrini yetu haikuwa na kosa. Nikachukua daftari la hesabu, nikaandika saa niliyowasha na saa pembe zilipotokea. Jumatatu, baada ya mbio tatu. Jumanne, tatu. Jumatano joto lilikuwa kali, zikatokea baada ya mbili tu. Alhamisi tulicheza alasiri nzima, magari safi, barabara nyeusi kama inavyotakiwa. Yaya alisema mashine imejiponya.

Sikuamini. Niliangaza huku na huku kutafuta kilichobadilika, nikakiona uani, kwenye kamba ya nguo, kikidondosha maji.

Nyumba zetu mnazijua: kitu cha thamani hakikai uchi. Televisheni huvaa kitambaa, redio huvaa, hata viti. Kompyuta Mama alikuwa ameifumia kitambaa cheupe chenye maua, kikashuka nyuma mpaka chini, na tulipocheza tulifunua upande wa mbele tu. Kila Alhamisi alikifua ili wageni wa Ijumaa, baada ya sala, wakikute kinang'aa. Na kule nyuma, chini ya maua, ndiko mashine ilikokuwa ikitolea pumzi yake ya moto.

Jumamosi niliwaita wote. Kitambaa kilikuwa kimesharudi mahali pake. Tukacheza mbio mbili, pembe hizo. Nikakiondoa, tukangoja mashine ipoe, tukacheza tena, na magari yakawa safi. Sasa ilibaki kumweleza Mama kwamba heshima yake ndiyo iliyokuwa ikiiua mashine, na hiyo si kazi ndogo. Nilisema huku nikitazama sakafu.

"Donc miye njo nilikuwa naifunga pumuzi?" Mama aliuliza. Hakukasirika. Alikikunja kitambaa, akatafuta pa kukiweka, akaivika redio juu ya kile ilichokuwa nacho.

"Ndani pia iko vumbi," nilisema, kiburi kikiwa kimeshanipanda. "Tufungue."

Yaya akasema tungoje fundi. Papa alizima mashine, akachomoa waya, akaleta bisibisi, akanipa mimi. Kisha akakaa nyuma yangu bila kusema neno, mpaka nilipotoa kwenye feni bonge la vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi. Fundi wa Lubunga akaambiwa asisumbuke kuvuka. Wiki nzima Papa aliwaambia wageni, "Muone uyu, njo munganga wa mashini," nami nilitembea barabarani kichwa juu, nikidhani mtaa mzima umesikia.

Miaka mingi baadaye, nikimsaidia Papa kuhamisha kazi zake kwenye kompyuta mpya, niliikuta tasnifu ile. Nikamuuliza nakala nyingine alikuwa ameiweka wapi wakati ule.

"Nakala gani? Ilikuwa mule tu."

Miaka miwili ya kazi yake, ndani ya sanduku nililolifungua kwa bisibisi! Siku ile niliuchukua ukimya wake kuwa wa mtu asiye na wasiwasi. Nikamuuliza kwa nini basi hakulifungua mwenyewe.

"Niliogopa sana," alisema. "Mikono ilikuwa inanitetemeka. Njo maana nilikupa weye."

Yangu haikutetemeka hata kidogo, maana sikujua nilichoshika. Yeye alijua, akanipa. Nimesifiwa mara nyingi tangu hapo kwa kazi yangu, na hakuna sifa iliyonifika moyoni kama hiyo.